Dripu ya siku ya nane: tibakemikali kwa saratani ya mfuko wa nyongo iliyosambaa

Waheshimiwa waganga, wauguzi, na ninyi ndugu mnaouguza wagonjwa nyumbani, nawashukuru kwa kunikaribisha hapa Tabora.

Nitasema mfuko wa nyongo, wala si kibofu cha nyongo, kwa kuwa nimeona mara nyingi ndugu wa mgonjwa wakisikia neno kibofu na kuanza kuuliza habari za mkojo. Mfuko huu umejibana chini ya ini, na saratani yake hujificha nyuma ya maumivu ambayo wengi huyaita vidonda vya tumbo au vijiwe, hata siku macho yanapogeuka manjano ugonjwa unakuwa umekwishaingia kwenye ini au tezi za limfu, na upasuaji wa kuuondoa wote hauwezekani tena. Hapo ndipo tunapozungumzia tiba shufaa, yaani ya kutuliza mateso na si ya kuponya. Tibakemikali, yaani dawa za kuua chembe za saratani, inayotolewa katika hatua hiyo haiponyi. Inarefusha maisha kwa miezi na kupunguza mateso, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo kabla sindano haijaingia mshipani.

Miezi mingapi? Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010, wenye wagonjwa 410 wa saratani za njia ya nyongo, mfuko wa nyongo ukiwemo, ulilinganisha dawa ya jemsitabini peke yake na jemsitabini iliyochanganywa na sisplatini. Muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka, ulikuwa miezi 8.1 kwa dawa moja na 11.7 kwa dawa mbili. Mwaka huohuo madaktari wa Delhi, mji ulio katika ukanda ambao ugonjwa huu umekithiri, walitoa matokeo ya wagonjwa 81 wa mfuko wa nyongo pekee: waliopewa huduma ya kutuliza tu walifika miezi 4.5, waliopewa fluorourasili miezi 4.6, na waliopewa jemsitabini na oksaliplatini miezi 9.5. Tazameni hiyo namba ya katikati. Dawa iliyo rahisi kupatikana, ikitolewa ili tu ionekane kuwa mgonjwa anatibiwa, ilimwacha palepale alipokuwa. Baadaye ziliongezwa dawa za kuamsha kinga ya mwili, kama durvalumabu, ambayo katika utafiti mwingine wa mwaka 2022, ikiongezwa juu ya jemsitabini na sisplatini, iliupandisha muda huo kutoka miezi 11.5 hadi 12.8; lakini kwa sababu ya bei yake sitaichelewesha hadhira hii nayo.

Linalonikalisha hapa ni ratiba. Jemsitabini na sisplatini hutolewa siku ya kwanza na siku ya nane, kisha mgonjwa hupumzika na kuanza upya baada ya wiki tatu. Kwa mkazi wa Tabora anayetibiwa hospitali ya Bugando kule Mwanza, au ile ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, siku ya nane maana yake ni safari ya pili akiwa bado anatapika, au wiki nzima kwa jamaa mjini. Na akifika, chembe nyeupe za damu zikiwa zimeshuka mno, dripu huahirishwa. Sisplatini nayo huunguza figo, hivyo hutanguliwa na maji mengi ya mshipani, na figo zikiwa dhaifu haifai. Mwenye macho ya manjano azibuliwe kwanza njia ya nyongo kwa mrija, kwa sababu nyongo iliyoziba huzidisha sumu ya dawa na huleta maambukizi yanayoua haraka kuliko saratani yenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuandika rufaa, mwangalieni anavyotembea. Anayejihudumia mwenyewe ana cha kupata katika dripu hizi. Asiyetoka kitandani kutwa nzima zitamwongezea taabu tu, na kumwambia abaki nyumbani si kumtupa: apewe mofini ya maji kila baada ya saa nne, dozi ya kulalia iwe maradufu ili asiamke usiku wa manane kuitafuta chupa, na pamoja nayo dawa ya kulainisha choo, ambayo ndiyo tunayoisahau.