Kibali cha Jimbo: Mhadhara kwa Wanaotaka Kufungua Chuo Binafsi Marekani

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wasikilizaji, nawashukuru kwa kufika. Wengi wenu mliniandikia kabla ya leo, na karibu barua zote ziliuliza jambo moja, yaani fomu zipi zinajazwa na kibali huchukua muda gani. Nitafika huko. Naomba kwanza tulitazame swali jingine, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililojificha nyuma ya kila fomu mtakayopewa: siku chuo chenu kitakapofungwa, mwanafunzi aliyekwisha kulipa ada atabaki na nini mkononi?

Najua ni swali zito kumuuliza mtu ambaye bado anatafuta jengo na walimu. Hata hivyo nimeshiriki kuandaa maombi ya namna hii kwa miaka kadhaa, na sijaona njia nyepesi zaidi ya kuzielewa sheria hizi. Mwombaji anayelibeba swali hilo tangu mwanzo huliona kila sharti kuwa na maana, lakini asiyelibeba huona urasimu mtupu, huchoka njiani, na mwishowe huandika majibu ya kumridhisha karani tu.

Marekani haina wizara ya taifa inayotoa leseni ya kufungua chuo. Katiba yao haikuitaja elimu miongoni mwa mamlaka ya serikali kuu, na kwa Marekebisho ya Kumi ya mwaka 1791 mambo ambayo hayakutajwa yalibaki mikononi mwa majimbo na wananchi. Ndiyo maana ofisi utakayobisha hodi inategemea jimbo ulilomo. California ina ofisi maalumu ya elimu binafsi ya baada ya sekondari. Texas imeziweka shule za ufundi chini ya Tume ya Nguvukazi ya jimbo, na anayetaka kutoa shahada hupelekwa kwenye bodi nyingine inayoratibu elimu ya juu. New York ina kitengo chake ndani ya Idara ya Elimu ya jimbo, na Florida ina tume. Mtu aliyefungua shule Texas akataka tawi California asidhani kwamba karatasi za kwanza zitamvusha mpaka.

Serikali kuu huingia kwa mlango wa fedha. Tangu Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965, chuo kinachotaka wanafunzi wake wapate mikopo na ruzuku za shirikisho, yaani za serikali kuu, husimama juu ya mafiga matatu: kibali cha jimbo, ithibati (kukubaliwa kwa ubora wa masomo) kutoka shirika linalotambuliwa, na uthibitisho wa Idara ya Elimu ya shirikisho. Kibali cha jimbo hutangulia, kwa sababu bila hicho chuo hakipo kisheria, na mashirika ya ithibati hayawezi kukagua kitu kisichokuwapo.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo mipango mingi huvunjika. Chuo cha biashara, yaani chenye wamiliki wanaotarajia faida, hakiwezi kuingizwa katika mikopo ya shirikisho mpaka kiwe kimefanya kazi kihalali kwa muda usiopungua miaka miwili. Mashirika kadhaa ya ithibati nayo hutaka kuona miaka ya uendeshaji kabla ya kutoa muhuri wao. Kwa hiyo wanafunzi wenu wa mwanzo watalipa kutoka mifukoni mwao, au kwa mipango ya malipo ya polepole mtakayowawekea wenyewe. Bajeti inayotegemea mikopo ya serikali kuanzia muhula wa kwanza itakwama kwenye kodi ya pango kabla ya mwaka kwisha, na wakaguzi wa jimbo wanajua hivyo, kwani wameziona bajeti za namna hiyo mara nyingi.

Masharti haya yalizaliwa na hasara za watu. Baada ya sheria ya mwaka 1944 iliyowalipia masomo wanajeshi waliorudi vitani, shule za kuvuna fedha za serikali zilichipuka kila upande, na mwaka 1952 Bunge likaweka kanuni kwamba katika kozi moja wanafunzi wanaolipiwa na serikali wasizidi asilimia 85. Mantiki yake ni nyepesi: kama hakuna hata mtu mmoja anayekubali kutoa fedha yake mwenyewe kwa kozi hiyo, basi ada yake ina walakini. Miongo mingi baadaye, sheria ya California ya kusimamia vyuo binafsi iliachwa ikaisha muda wake mwaka 2007, na mpya ikaanza kufanya kazi Januari 2010. Kwa zaidi ya miaka miwili jimbo lenye watu wengi kuliko yote nchini halikuwa na ofisi ya kumlinda mwanafunzi wa chuo binafsi. Sheria iliyopo California leo, pamoja na ukali wake, ilitungwa na watu walioishi katika pengo hilo.

Sitawaficha kwamba kibali pekee hakikutosha. Corinthian Colleges, kampuni iliyomiliki vyuo vingi vya biashara, ilikuwa na vibali vya majimbo na ithibati, na bado ilifunga milango mwezi Aprili 2015, wanafunzi wapatao 16,000 wakiwa bado darasani. Mwaka 2022 serikali ya shirikisho ilitangaza kufuta madeni ya dola bilioni 5.8 kwa watu 560,000 waliowahi kusoma katika vyuo vya kampuni hiyo. Miaka saba ni mingi kwa mtu anayedaiwa. Nikiwaambia kwamba kibali ni kiwango cha chini kabisa, mnielewe hivyo.

Sasa tulifungue jalada lenyewe la maombi. Katika karatasi zote, niruhusuni nikae kwenye moja tu, mkataba wa kujiunga na masomo, na ndani yake kifungu cha marejesho ya ada. Tuchukue California. Mwanafunzi ana haki ya kubatilisha mkataba na kurudishiwa fedha mpaka mwisho wa kipindi cha kwanza cha darasa au siku ya saba baada ya kujiandikisha, kutegemea ipi inachelewa zaidi. Baada ya hapo, akiacha masomo kabla ya kupita asilimia 60 ya kipindi alicholipia, hurudishiwa sehemu ambayo hajasoma, baada ya kukatwa ada ya maombi isiyozidi dola 250, na chuo kina siku 45 za kumlipa.

Tufanye hesabu. Kozi ina saa 600, ada yake ni dola 6,000, na mwanafunzi amelipa yote. Ameondoka akiwa amehudhuria saa 150, yaani robo. Robo tatu ni zake: dola 4,500, kasoro ile ada ya maombi. Fedha hizo lazima ziwepo. Ikiwa mlikwishazitumia kununua vitanda vya mafunzo ya uuguzi, mwanafunzi hatakubali kulipwa kitanda. Ndiyo sababu California hudai mali za muda mfupi za chuo, yaani fedha na vitu vinavyoweza kugeuzwa fedha ndani ya mwaka, ziyazidi madeni ya muda mfupi kwa uwiano usiopungua 1.25 kwa 1, na ndiyo sababu majimbo mbalimbali hudai dhamana au huwa na mfuko wa kuwafidia wanafunzi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Humu inayopotea ni mali ya mtu mwingine.

Jalada moja nililoshiriki kuliandaa lilirudishwa, na kosa lilikuwa letu. Mwongozo wa chuo ulisema kozi ina saa 160, mkataba ukasema 150, na ratiba ya mwalimu ukiijumlisha ilitoa 154. Kila karatasi iliandikwa na mtu tofauti kwa wakati tofauti, na kila mmoja wetu aliamini yake ndiyo sahihi. Tulipoteza miezi. Tangu hapo mimi husisitiza kwamba mtu mmoja akae na karatasi zote mezani, kalamu nyekundu mkononi, azisome kwa siku moja kuanzia jina la chuo hadi tarakimu ya mwisho. Mkaguzi atafanya hivyo hivyo, na mwanafunzi mwenye malalamiko naye, siku moja.

Kuhusu bodi za taaluma nitapita haraka. Kibali cha chuo hakitoshi pale ambapo kazi yenyewe ina msimamizi wake. Mafunzo ya wasaidizi wa wauguzi yana kiwango cha chini cha shirikisho cha saa 75, na majimbo kama California yamekipandisha hadi 160. Shule za madereva wa malori lazima ziwe katika daftari la shirikisho la watoa mafunzo, sharti lililoanza Februari 2022. Urembo na nywele vina bodi zake katika majimbo. Ulizeni bodi kwanza, kabla ya kuandika mtaala.

Na muda? Hesabuni kwa miezi, tena mingi, na katika kipindi hicho msitangaze kozi wala kupokea hata malipo madogo ya kushikilia nafasi. Nafahamu jinsi inavyouma kulipa pango la jengo tupu, na ndiyo maana huwashauri watu wajadiliane na mwenye jengo ili kodi ianze kuhesabiwa kibali kikitoka. Wengine hukubali.

Nirudi kwenye swali la mwanzo, kwa sababu ada ikisharudishwa bado kuna deni moja. California huagiza kumbukumbu za mwanafunzi zitunzwe kwa miaka 5 baada ya kuondoka kwake, na nakala ya matokeo itunzwe daima. Mama mmoja aliwahi kunipigia simu akitafuta matokeo yake ya shule iliyofungwa zamani. Mwajiri alimpa wiki mbili. Cheti chake kilipotea katika kuhama nyumba, na namba ya shule ilikuwa haiiti tena. Tulimpata mtunza kumbukumbu kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa katika fomu ambayo mwenye shule aliijaza siku alipoomba kibali, kwenye mstari unaouliza nani atabaki na majalada. Mstari huo ni mfupi, na wengi huujaza kwa jina lao wenyewe na anwani ya chuo. Andikeni jina la mtu atakayekuwepo.