Begi la Ngumi Nyumbani: Mkono na Pumzi Kabla ya Nguvu

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, dada na kaka zangu wa kikundi hiki cha mazoezi, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuanza mazoezi ya kupiga begi nyumbani, nami nimekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu wengi ninaowafundisha ni watu wasio na nia ya kupanda ulingoni hata siku moja: mama mwenye duka anayeketi kutwa nzima, dereva wa daladala ambaye mgongo umeanza kumsumbua, mwalimu aliyeshauriwa na daktari apunguze uzito. Hao ndio ninaowakusudia leo. Ninalotaka walishike ni kwamba anayeanza hana budi kuutanguliza mkono na pumzi, na kuiacha nguvu ije baadaye, kwani wengi ninaowaona wakiliacha begi wameliacha kwa maumivu ya mkono au kwa kuishiwa pumzi, wala si kwa uvivu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Begi likipigwa kwa utaratibu huingia katika fungu la mazoezi makali, na wakati huohuo huyafanyisha kazi mapaja, nyonga, tumbo, mgongo na mabega. Jambo hili lina maana kubwa kwa mtu wa mjini anayerudi nyumbani giza limeshaingia, na zaidi kwa wanawake, ambao wengi wameniambia kwamba hawajisikii salama kukimbia barabarani peke yao alfajiri.

Tuanze na mahali pa kulitundika. Begi la kilo 30 likipigwa haliuvuti mnyororo kwa kilo 30 tu; linayumba, linanyanyuka kidogo, kisha linarudi kwa kishindo, na kila mrudio huo huongeza mvuto kwa ghafla. Kwa hiyo dari la jipsamu tuliondoe kabisa katika hesabu. Mbao za kenchi nazo katika nyumba nyingi zimepigwa ili zibebe bati, si mzigo unaoyumba, na anayetaka kuzitumia amwite kwanza fundi aliyeijenga nyumba azikague na, ikibidi, aongeze ubao wa kupita juu ya kenchi mbili au tatu ili mzigo ugawanyike. Mwenye slabu ya zege juu ya kichwa chake ana bahati, maana boliti ya kutanuka iliyotobolewa vizuri humtosha. Mwenye mwembe uani achague tawi bichi lililo nene kuliko paja lake, na aweke kipande cha tairi kuukuu chini ya mnyororo ili usilikate gamba la mti. Mpangaji wa chumba kimoja, ambaye hana mti wala slabu, namshauri aende kwa fundi wa kuchomelea amtengenezee fremu ya mabomba yenye miguu mipana, itakayokandamizwa kwa viroba vya mchanga, lakini azungumze kwanza na mwenye nyumba na majirani, kwa kuwa mtikisiko wa begi hupita ukutani hata pale ambapo sauti haipiti. Springi fupi kati ya ndoano na mnyororo hupunguza sana mtikisiko huo. Popote utakapolitundika, katikati ya begi palingane na kifua chako, na uache nafasi ya kulizunguka pande zote.

Begi lenyewe si lazima linunuliwe dukani. Mafundi wanaoshona maturubai ya malori wanaweza kukushonea mfuko imara kwa uzi wa mikunjo miwili, na ndani yake ukashindilia nguo kuukuu na vipande vinavyobaki kwa mafundi cherehani. Ng'oa zipu na vifungo vyote, kata nguo ziwe vipande vidogo, kisha ujaze tabaka kwa tabaka huku ukishindilia kwa mti kama wa mchi, ili chini pasiwe pagumu kuliko juu. Mchanga mtupu usiutumie. Kadiri unavyopigwa ndivyo unavyoshuka na kushikamana, na baada ya muda unakuwa unapiga jiwe lililovikwa turubai. Kuhusu uzito, mazoea ya mabondia ni nusu ya uzito wa mpigaji. Kwa mtu anayetafuta afya tu, kilo 25 hadi 35 zinatosha.

Sasa nakuja kwenye mkono, na hapa nitakaa zaidi. Naomba kila mmoja anyooshe mkono wa kulia mbele yake na akunje ngumi. Dole gumba likae nje, limelala juu ya kidole cha shahada na cha kati, lisifichwe ndani ya ngumi. Tazama vile vifundo viwili vikubwa, cha shahada na cha kati: hivyo ndivyo vinavyopaswa kuligusa begi kwanza, na kutoka hapo mgongo wa kiganja uende sambamba na mkono mpaka kwenye kiwiko, bila kupinda juu wala chini. Sasa kwa mkono wa pili jaribu kukibonyeza kifundo cha kidole cha mwisho. Kinacheza, sivyo? Kile cha shahada hakichezi. Mfupa ulio nyuma ya kidole cha mwisho haukushikamana sana na kifundo cha mkono, na ndiyo maana mtu anayerusha ngumi ya kuzungusha kwa pupa, akagusa kwa upande huo, anaweza kuuvunja karibu na kichwa chake. Jeraha hili huwapata zaidi watu wasiofundishwa kupiga.

Ndipo tunapohitaji bandeji, ambayo kwa mtu mzima huwa na urefu wa mita nne na nusu hivi. Tanua vidole unapoifunga, ili ngumi inapokunjwa bandeji ijikaze yenyewe. Anzia kwenye dole gumba, zungusha mara tatu kwenye kifundo cha mkono, mara tatu kwenye kiganja juu ya vifundo vya vidole, pitisha kati ya vidole, kisha urudi umalizie kwenye kifundo cha mkono, ambapo ndipo penye kazi kubwa kuliko pote. Ncha za vidole zikipauka au zikifa ganzi, umekaza mno. Juu ya bandeji zivaliwe glavu za aunsi 12 hadi 16. Anayesema atapiga mikono mitupu ili ngozi iwe ngumu anajidanganya, kwa kuwa ngozi inaweza kukomaa lakini kano za kifundo cha mkono hazizoei kupindishwa.

Kwa wiki mbili za mwanzo nataka ngumi mbili tu: ya mkono wa mbele na ya mkono wa nyuma, zote za kunyooka. Simama mguu mmoja mbele, magoti yamelegea, kisigino cha nyuma kimenyanyuka kidogo. Ngumi ya nyuma inaanzia kwenye mguu huo, inapita kwenye nyonga inayogeuka, na mkono ni wa mwisho kufika. Kiwiko kisinyooke mpaka kujifunga, maana usipolipata begi kitaumia. Mkono ukishagusa, urudi shavuni kwa kasi ileile uliyoendea. Begi lililopigwa vizuri hushtuka mahali pake na kutoa sauti fupi kavu, ilhali lililosukumwa huenda mbali na kurudi likikukumba. Sikilizeni sauti hiyo kuliko kuangalia begi limekwenda umbali gani.

Na pumzi, ndugu zangu. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, George Foreman, kijana wa miaka 25 aliyeogopwa kwa uzito wa ngumi zake, alimshambulia Muhammad Ali raundi baada ya raundi, na Ali, mwenye miaka 32, akaegemea kamba, akajikinga na kumwacha atoe alichonacho. Katika raundi ya nane Foreman alikuwa amekwisha, akaangushwa. Ikiwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu anaweza kumaliza nguvu zake kwa kupiga tu, mimi na wewe tutazimaliza katika dakika ya kwanza tukilivamia begi. Kila ngumi itoke pamoja na pumzi fupi ya kutoa. Anayebana pumzi anapopiga huipandisha presha yake kwa ghafla, na kwa mwenye tatizo hilo tayari si jambo la kupuuza. Mtu mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo aonane na daktari kabla hajaanza, bila kujali umri wake.

Utaratibu wenyewe uwe hivi: siku tatu kwa wiki zisizofuatana, dakika kumi za kupasha mwili kwa kamba na kuzungusha mabega, kisha raundi nne za dakika mbili, na dakika moja ya kutembea kati ya raundi na raundi. Piga kwa nusu ya nguvu zako. Ukiwa katikati ya raundi uweze kusema maneno machache. Ukishindwa hata hayo, punguza kasi lakini miguu isisimame. Baada ya mwezi raundi zifike sita, kisha ziongezwe mpaka dakika tatu kila moja, kama za mabondia wenyewe. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu, fanyeni asubuhi mapema au jua likishapungua, na maji yawe karibu. Glavu zikaushwe kivulini zikiwa wazi, na bandeji zifuliwe kila baada ya zoezi.

Asubuhi inayofuata utasikia maumivu ya mabega na mgongo, nayo ni ya kawaida na huisha kwa siku mbili au tatu. Maumivu ya kifundo cha mkono ni habari nyingine: pumzika mpaka yaishe kabisa ndipo urudi, tena kwa nguvu ndogo zaidi. Ukiona uvimbe mgongoni mwa kiganja upande wa kidole cha mwisho, na ukikunja ngumi kidole hicho kinapita chini ya kile cha pete, usiukande kwa maji ya moto wala usimwite mtu akuvute. Nenda hospitali upigwe eksirei siku hiyohiyo.

Nimekuja na bandeji za kuwatosha wote. Gawaneni wawiliwawili, msogee hapa mbele, na tuanze na mkono wa kushoto.