Usajili wa Futiboli katika Vyuo vya Marekani: Nani Huchukuliwa, na kwa Nini

Ndugu wasikilizaji, tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoamua mengi kabla kocha hajamtazama kijana. Tangu Julai 2025, chuo cha daraja la juu kilichoingia katika utaratibu mpya wa kugawana mapato na wachezaji kinaruhusiwa kikosi cha watu 105 katika futiboli ya Kimarekani, basi. Zamani kilichowekewa ukomo ni ufadhili: wachezaji 85. Juu ya hao chuo kilijaza vijana wanaojilipia ada, na vikosi vingine vikapita 120. Mlango huo wa uani sasa umebanwa.

Halafu kuna uhamisho. Mwaka 2018 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilifungua daftari la mtandaoni la wachezaji wanaotaka kuhama. Mwaka 2021 wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima. 2024 ukomo huo wa mara moja nao ukaondolewa kwa mwenye maendeleo mazuri darasani. Kwa hiyo kijana wa miaka 17 hashindani tena na rika lake peke yake. Anashindana na mtu wa miaka 21 ambaye video zake zinamwonyesha akipambana na wanaume wazima. Kocha anayeogopa kibarua chake kuota nyasi atamchukua nani?

Ndiyo maana swali la mzazi lisiwe mwanangu ana nyota ngapi. Nyota, yaani alama za ubora, hutolewa na tovuti kama 247Sports na Rivals. Zinamtangaza kijana, lakini hazimpi nafasi. Ulizeni: wanaocheza nafasi yake chuoni hapo ni wangapi, na wamebakiza miaka mingapi? Kwotabeki, yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi, huchukuliwa mmoja kwa mwaka, wawili kwa nadra. Hata awe hodari vipi, akitanguliwa na mwenzake aliyekwisha kukubali, ofa yake huyeyuka.

Mwili nao hupimwa, na kwa futi ya chuma. Kwa wale wa mstari wa mbele wanaomkinga kwotabeki, makocha hupima hadi urefu wa mkono. Kasi hupimwa kwa yadi 40, yaani mita 36.6, na hapo udanganyifu ni mwingi, kwa kuwa saa ya mkononi, ile inayobonyezwa na mtu, humpendelea mkimbiaji. Riadha yenyewe huongeza sekunde 0.24 kwenye muda wa saa ya mkononi katika mita 100 ili ulingane na wa saa ya umeme. Kijana mwenye mbio basi aandikishwe riadha shuleni: muda wa mita 100 uliopimwa kwa umeme hauna ubishi.

Video yake, ambayo kwa kawaida huwekwa Hudl, tovuti ya video za michezo, iwe ya dakika tatu hadi tano, matukio bora yakitangulia, na kijana awekewe alama kabla mpira haujaanza kuchezwa. Muziki hauhitajiki. Kocha asipoona kitu katika matukio matano ya kwanza, anafungua ya mwingine.

Wengi huangukia darasani, na huko hakuna wa kumlaumu. Daraja la Kwanza, ndilo la juu la NCAA, linadai masomo 16 ya msingi yenye wastani wa 2.3. Kumi kati yake yakamilike kabla ya mwaka wa nne wa sekondari, na saba ya hayo kumi yawe Kiingereza, hisabati au sayansi. Alama za hayo saba zikishaingia, kuyarudia baadaye hakuzipandishi. Familia zilizohamia Marekani zijue kwamba rekodi za shule za Nairobi, Kigoma au Bukavu za kiwango cha darasa la tisa kwenda juu zitadaiwa pia, pamoja na tafsiri iliyothibitishwa kama haziko kwa Kiingereza. Kuzitafuta mwaka wa mwisho ni kuchelewa.

Pesa? Zipo. Biashara ya jina na sura ya mchezaji iliruhusiwa Julai 2021, na kwa mwaka wa masomo 2025-26 chuo kinaweza kuwagawia wachezaji wa michezo yake yote hadi takriban dola milioni 20.5. Futiboli huchukua fungu nono. Lakini mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 amefungwa na masharti ya kazi. Apate ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kugusa mkataba wowote.

Kocha naye huondoka. Kocha Nick Saban alipostaafu Chuo Kikuu cha Alabama Januari 2024, kwotabeki Julian Sayin, aliyekuwa ndiyo kwanza amejiunga, alihamia chuo cha Ohio State mwezi huohuo.

Sasa, saini. Ofa ya mdomo haimfungi yeyote, wala tangazo la kijana mitandaoni. Kinachofunga ni mkataba wa ufadhili, ambao wengi huumwagia wino mapema Desemba. Dirisha la uhamisho hufunguliwa Januari. Kijana akishasaini, kocha bado anaweza kuleta mtu mzima wa nafasi ileile mwezi mmoja baadaye, na kijana huyo akaanza mwaka wake wa kwanza akisugua benchi. Muulizeni kocha, kabla ya kalamu kushikwa, anapanga kuleta wangapi wa nafasi hiyo Januari, na ufadhili ulioandikwa ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote.