Majibu safi, mkojo bado unachoma

SALIM: Dada Rehema, kuna swali wanaume huniuliza pembeni, kwa sauti ya chini: nimepima magonjwa ya zinaa, sina kitu, mbona mkojo bado unachoma?

REHEMA: Namuuliza kwanza, ulipimwa nini? Wengi hawajui. Ukipimwa kisonono na klamidia, bado hujapimwa trikomona wala Mycoplasma genitalium, vijidudu vingine vya zinaa. Huyo wa mwisho anajulikana tangu miaka ya 1980, lakini maabara nyingi hazimtafuti.

SALIM: Na wale wanaokimbilia kupima siku ya tatu baada ya ngono?

REHEMA: Mapema mno. Klamidia ipe wiki 2. Halafu sampuli yake ni mkojo ule wa mwanzo kabisa, na uwe hujakojoa kwa saa 1 hivi. Watu huleta wa katikati kwa sababu wamezoea kipimo cha UTI, maambukizi ya njia ya mkojo.

SALIM: Haya, kapima vyote, kwa wakati wake. Hakuna kitu.

REHEMA: Hapo ndipo balaa huanza. Anameza dozi ya pili, ya tatu. Anapata nafuu siku nne, anasema, "Si unaona? Kuna mdudu." Kumbe baadhi ya antibayotiki hutuliza uvimbe hata pasipo mdudu, na maumivu haya yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe.

SALIM: Sasa kinachochoma ni nini?

REHEMA: Mara nyingi ni misuli. Chini ya nyonga kuna misuli inayobeba kibofu, na mrija wa mkojo unapita humo humo. Mtu mwenye hofu huibana bila kujua, kama anayekaza meno usingizini. Miezi ikipita, mkojo unachoma, unakuja kila mara, unatoka kwa kusuasua. Wengine huumia nyuma ya korodani, au baada ya kumwaga. Zamani lawama zote zilitupiwa tezi dume, na kweli wengi bado huambiwa ina uvimbe. Lakini katika watu 10 wanaoambiwa hivyo, kama 9 hawana bakteria.

SALIM: Nikiri jambo. Nilipopata hofu hiyo, kila asubuhi nilikuwa nakamua uume nione kama usaha upo.

REHEMA: (anacheka) Jamani, kaka! Kukamua kwenyewe kunaukera mrija. Unatafuta ugonjwa huku unautengeneza.

SALIM: Vipi yale mazoezi ya kubana misuli hiyo ya nyonga?

REHEMA: Huyu ameshabana vya kutosha! Anahitaji kulegeza: kuvuta pumzi hadi tumboni, kuoga maji ya moto, mtaalamu wa fiziotherapia anayeijua nyonga. Apunguze kahawa na pombe aone. Ila mkojo ukiwa mwembamba kama uzi, daktari autazame mrija, huenda umeziba kwa kovu. Na sukari ipimwe.

SALIM: Nani asisubiri hata kesho?

REHEMA: Mwenye damu kwenye mkojo, mwenye homa na kutetemeka, na aliyefungwa mkojo kabisa.

SALIM: Na mkamuaji?

REHEMA: Mikono mifukoni.