Daktari Aliulizwa Swali Moja

Hamjambo. Wanafunzi wa sheria mmeniomba nizungumzie matibabu ya akili jela, nami naanzia pale mnapopaona kila wiki: kortini.

Hapa Kenya, mshtakiwa wa mauaji kwa kawaida hupimwa akili kabla ya kujibu shtaka. Daktari anaulizwa, huyu aweza kushtakiwa? Akisema ndiyo, basi. Kama hapati usingizi usiku, si hoja. Na mwizi wa kuku? Huyo kwa kawaida hata kupimwa hapimwi.

Mmoja wa wezi hao nilimkuta rumande, jela siitaji. Wakihesabiwa, wenzake wamechuchumaa watano watano, yeye wima kama mlingoti. Askari akamwita mkaidi. Kumbe anameza haloperidoli, dawa ya kunyamazisha sauti kichwani, ambayo pia hukaza misuli. Magoti hayakunjiki. Kuna kidonge cha kulegeza ukakamavu huo, bensheksoli, lakini mle ndani ni mali, maana kuna wanaokimeza walewe. Vyake vilinyang'anywa, viwili vitatu akavibadilisha kwa sigara. Akaona heri aache dawa zote. Haukupita muda, sauti zikarudi.

Sasa wale wa mauaji. Korti ikiona alitenda lakini akili haikuwa yake, kifungu cha 166 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinamwita mwenye hatia ila mwendawazimu (lugha ya sheria hiyo, si yangu), azuiliwe kwa ridhaa ya Rais, yaani hadi Rais aamue aachiliwe. Tarehe ya kutoka hakuna. Kifungu kinataka ripoti ya kwanza ya hali yake baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Dawa ikimkubali, mtu anaweza kutulia ndani ya miezi tu! Mwaka 2018, katika kesi ya Jamhuri dhidi ya SOM (herufi za jina la mshtakiwa), Jaji Majanja kule Kisumu aliamua kwamba kumwachia Rais jambo hilo ni kuvunja Katiba.

Uamuzi mzuri, ila haumpi mtu pa kwenda. Wengi wako Mathari, Nairobi, hospitali ya akili iliyoanza 1910, na mama yuko Lunga Lunga, kule Kwale mpakani, hana nauli. Isitoshe, marehemu mara nyingi ni wa nyumba hiyo hiyo.

Nina mteja ambaye daktari ameshaandika kuwa ametulia. Nikampigia kaka yake simu. Akanyamaza kitambo, kisha akaniambia, "Wakili, chumba chake tumetia mahindi."