Kuufanya Ukungu Utambae: Kipoza Ukungu cha Kujitengenezea kwa Usiku wa Halloween

Ndugu zangu, wazazi wenzangu, nanyi vijana mliokaa huku nyuma, karibuni sana.

Tarehe 31 Oktoba ikifika, watoto wa mitaa yetu hapa Marekani watatoka jioni kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Najua kila familia ina msimamo wake juu ya Halloween, na wenyeji wameshatuwekea utaratibu wa heshima: asiyetaka kugongewa huzima taa ya barazani, na watoto hupita zao. Leo nasema na wale wanaoiwasha, hasa wale ambao vijana wao wamekwisha kuomba ruhusa ya kuigeuza bustani ya mbele kuwa makaburi.

Kijana hununua mashine ya ukungu, akaificha nyuma ya mawe ya bandia, akabonyeza swichi. Ukungu unatoka vizuri kabisa, halafu unapaa. Unapita juu ya makaburi, unawafikia wageni usoni, unakwenda kwa jirani. Chini pale tulipoutaka hapabaki kitu. Lawama zote huangukia mashine, na mashine haina kosa.

Ndani yake mna tangi la maji yaliyochanganywa na glaikoli au glisarini. Pampu ndogo inayasukuma majimaji hayo kwenye kipande cha chuma chenye moto wa nyuzi 200 hivi za Selsiasi. Yanageuka mvuke papo hapo, yanachomoka kwa kasi kwenye tundu jembamba, na yakikutana na hewa ya nje yanakuwa matone madogo mno, ambayo macho yetu yanayaona kama wingu jeupe. Matone hayo hayana uwezo wa kujiamulia pa kwenda, yanabebwa na hewa. Hewa ikiwa na joto inapanda nayo, na tukiipoza inashuka nayo. Kwa hiyo kazi yetu yote leo ni kuipoza ile hewa, kwa kuipitisha ndani ya boksi lenye barafu.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 ina uzito wa kama kilo 1.18. Ipoze hadi nyuzi 5, uzito unafika kama kilo 1.27. Tofauti ni gramu 90 tu, hata asilimia 8 haifiki. Hicho ndicho kitu pekee kinachoulaza ukungu chini. Feni kidogo, upepo kidogo, au ukungu wenyewe kutoka kwa kishindo, hewa ya baridi inachanganyika na ya vuguvugu na gramu zako zote zinapotea. Watu hutumia fedha nyingi kwa barafu na hawafikirii mwendo. Mimi nawaambia baridi ni nusu ya kazi, na utulivu ni nusu nyingine.

Barafu kiasi gani? Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza kilojuli 334 za joto. Mashine ndogo ya wati 400, ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika, inatoa kilojuli 1,440. Gawanya, unapata kilo 4.3. Mfuko mmoja wa barafu wa dukani, ule wa ratili 10, ni kilo 4.5. Unatosha kwenye hesabu, lakini boksi lenyewe lina joto lake na hewa ya nje inaingia, kwa hiyo nunueni mifuko miwili, na wa tatu ukae kwenye friza. Mwenye mashine ya wati 1,000 ajue kwamba saa moja inaweza kumaliza kilo 11.

Tazameni hapa mezani. Hili ni deli la kawaida la kubebea soda, la plastiki, lenye kuta nene. Upande huu nimetoboa tundu la sentimita 10 juu kabisa, karibu na mfuniko, nikapitisha kipande cha bomba la plastiki. Upande wa pili tundu ni hilohilo, ila liko chini, karibu na sakafu ya deli. Pembeni mwa mabomba nimeziba kwa silikoni. Sasa nafungua mfuniko. Mnaona waya huu, ule wa kujengea mabanda ya kuku? Nimeukunja ukingoni ukasimama kama meza, una nafasi ya upana wa kiganja chini yake. Barafu inakaa juu ya waya, inaishia chini kidogo ya bomba la kuingilia. Ukungu unaingia juu, unalazimika kushuka katikati ya vipande vya barafu, unakusanyika chini ya waya na kutokea kule. Hewa inayopoa inataka kushuka yenyewe, nasi tumeifungulia njia ya kushuka.

Wapo wanaozungusha bomba la alumini ndani ya barafu, ukungu ukapita ndani ya bomba. Nimeuona mtindo huo na sikuupenda. Ukungu unaogusa ukuta wa bomba unapoa, ule wa katikati unapita na joto lake. Acheni ukungu uiguse barafu yenyewe. Na barafu iwe ya vipande vikubwa, kwani iliyosagwa inashikana, njia zinaziba, na ukungu unarudi ulikotoka. Chupa za maji yaliyogandishwa zinadumu na unazigandisha tena kesho, ila plastiki inapunguza kasi ya kupoza, kwa hiyo ziwe za kuongezea tu. Chumvi msiweke. Inashusha baridi chini ya sifuri, ni kweli, lakini barafu inakwisha haraka na waya unaota kutu.

Kizibo cha kutolea maji kiwe wazi usiku kucha, na deli liinamie upande huo kidogo. Maji yakijaa chini ya waya yanaziba bomba la kutokea, na hapo kazi imekwisha.

Mashine na deli visishikane. Acheni nafasi ya vidole vitatu kati ya mdomo wa mashine na bomba. Ukungu unaochomoka unavuta hewa ya pembeni na kuingia nayo, na pia mdomo ule ni wa moto, na bomba la plastiki linalainika hata kabla ya joto la maji yanayochemka. Pandisheni mashine juu ya tofali mpaka mdomo ulenge katikati ya bomba.

Upande wa kutokea ndio wa utulivu. Bila feni. Ungeni bomba la plastiki lenye matundu mengi, lile la kuondolea maji ya mvua bustanini, lilazeni nyuma ya mawe ya kaburi na mzibe mwisho wake. Ukungu uvuje polepole, huku na huku. Mashine ibonyezwe kwa sekunde chache, kisha ipumzike.

Hali ya hewa nayo ina neno. Walio Houston, usiku wao una joto, watauona ukungu ukitambaa vizuri, ila barafu itawakimbia. Walio Minneapolis, ikiwa nje ni nyuzi 6 na barafu ni sifuri, tofauti ni ndogo, msitarajie makubwa. Kote kuwili, upepo ukizuiwa kwa marobota ya majani makavu au mbao fupi, mambo yanakuwa mengine kabisa.

Mtaulizwa pia habari za barafu kavu, yaani kaboni dioksaidi iliyogandishwa. Ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, inaunguza ngozi, ikifungiwa kwenye chombo inalipuka, na gesi yake ni nzito kuliko hewa, inajaa chini kwenye pua za watoto wadogo. Kwangu haiingii.

Na sasa jambo linaloniuma. Tarehe 11 Mei 1984, kule New Jersey, katika bustani ya burudani ya Six Flags Great Adventure, nyumba ya kutisha iliyoitwa Haunted Castle iliungua, na vijana wanane wakafa ndani. Mahali pa giza, pa njia nyembamba, ambapo kila mtu amekuja kutishwa, moto wa kweli unapata nafasi kubwa kabla watu hawajaelewa. Kwa hiyo ukungu wetu uwe nje. Mtu asizime king'ora cha moshi ili apate mapambo gereji. Umeme uchukuliwe kwenye soketi ya nje yenye kikata umeme, nyaya zisipite njiani kabisa, maana ukungu huu unaficha miguu, na ngazi ziwe na taa. Mlangoni iwepo njia isiyo na ukungu kwa mtoto mwenye pumu.

Usiku ukiisha, mwageni maji, mkaushe waya, na deli likae wazi hadi kesho yake.

Maswali nitayapokea baada ya jaribio. Tutalifanya pale uani, njooni watu kumikumi. Mwenye pumu akae upande unakotoka upepo, na mtoto yeyote asiguse mdomo wa mashine.