Kubadili Chanzo cha Volteji Kuwa cha Mkondo

Haya, tuanze. Nakilini kwanza mchoro ulioko ubaoni. Kushoto kuna betri ya volti 12 iliyofungwa mfululizo na rezista ya omu 4. Kulia kuna betri ya volti 6 na rezista ya omu 12. Chanya zote zimeelekea juu. Katikati, kwenye ncha A na B, kuna mzigo, yaani rezista inayotumia umeme, wa omu 4. Mzigo huo unapata mkondo kiasi gani?

Naona wengine mmeshaanza kuandika milinganyo ya Kirchhoff, ile ya kujumlisha mikondo na volteji za saketi nzima. Jibu litatoka, ila mtatoka jasho bure.

Chanzo cha volteji kilicho mfululizo na rezista hubadilishwa kuwa chanzo cha mkondo kilicho sambamba na rezista ileile. Mkondo wake ni volteji gawanya kwa ukinzani. Kushoto, 12 kwa 4, ni ampea 3. Kulia, 6 kwa 12, nusu ampea. Sasa kila kitu kiko sambamba, kwa hiyo mikondo inajumlishwa tu: ampea 3.5. Omu 4 sambamba na omu 12 zinatoa omu 3. Tukirudi kwenye volteji, 3.5 mara 3 ni volti 10.5, mfululizo na omu 3. Ongeza mzigo: 10.5 gawanya kwa 7, ampea 1.5. Mstari mmoja.

Umbo hili la mwisho linaitwa kwa jina la Thévenin, mhandisi wa simu za maandishi wa Ufaransa aliyelichapisha mwaka 1883, ingawa Helmholtz wa Ujerumani alikuwa ameshalieleza mwaka 1853. La chanzo cha mkondo lina jina la Norton, Mmarekani. Mayer wa Ujerumani naye alilitoa mwaka huohuo, 1926. Majina hayana haki sana, lakini mtihani utayauliza.

Angalizo: betri isiyo na ukinzani wowote haibadilishwi, maana utakuwa unagawanya kwa sifuri.

Sasa nisikilizeni hapa, ndipo wengi wanapoteleza. Usawa huu ni wa kwenye ncha A na B peke yake. Toeni mzigo. Umbo la Thévenin linasema hakuna mkondo, hivyo hakuna joto. Umbo la Norton linasema ampea 3.5 zinazunguka ndani ya omu 3, karibu wati 37 zinapotea. Na saketi yenyewe? Betri ya volti 12 inaisukumia ile ya volti 6 ampea 0.375, na rezista zinatoa joto la wati 2.25. Majibu matatu, na volteji ya A na B ni 10.5 kote. Ndiyo maana ukitaka kujua betri gani inachoka, au rezista gani itaungua, lazima urudi kwenye mchoro wa mwanzo.

Turudi basi, na mzigo ukiwa umefungwa. Volteji yake ni 1.5 mara 4, volti 6. Betri ya kulia nayo ni volti 6, kwa hiyo haitoi kitu! Ampea zote 1.5 zinatoka kushoto. Umbo rahisi lisingekuambia hilo.

Sasa igeuzeni betri ya kulia, chanya iwe chini. Kabla ya kushika kikokotoo, nani ataniambia itaendelea kukaa bure?